Wenzo wa Gia na Karakana za Likasi: Historia ya Kipuri cha Kiwandani na Kipuri cha Nje

Likasi, mji wa madini ulio takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi katika mkoa wa Haut-Katanga, haujulikani kwa viwanda vya magari. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ulikuwa miongoni mwa miji ya Afrika ya Kati ambamo kipuri cha chuma kilichovunjika kiliweza kuchorwa upya, kusubiwa, kukerezwa na kurudishwa kazini pasipo kungoja meli kutoka Ulaya. Kwa sababu hiyo, mjadala ambao wapenzi wa magari ya zamani ya Marekani wameuendeleza kwa zaidi ya nusu karne, yaani kama wenzo wa gia uliotoka na gari kiwandani ni bora kuliko ule ulionunuliwa baadaye kwa mtengenezaji mwingine, huchukua sura tofauti unapotazamwa kutoka Likasi. Huko Marekani ni mjadala wa mashindano, fahari na bei ya gari mnadani. Katanga umekuwa mjadala wa gari lililobeba mzigo ambalo halina budi kufika. Historia ya mji huu inaonyesha kwamba mpaka kati ya kipuri cha kiwandani na kipuri cha nje haukuwa imara mahali popote, na kwamba ubora wa kipuri ulitegemea ujuzi wa aliyeielewa kazi yake kuliko jina lililochongwa juu yake.

Wenzo wa gia, ambao madereva wengi huuita mkono wa gia au gia tu, ni kiungo kati ya mkono wa dereva na giaboksi, yaani sanduku la magurudumu yenye meno linalobadili mzunguko wa injini uwe nguvu au kasi kadiri barabara inavyodai. Wenzo wenyewe haugusi meno hayo: unasukuma fito za chuma au uma zilizo ndani ya sanduku, na uma hizo ndizo zinazosogeza vifungio vinavyoliunganisha gurudumu moja na mhimili wake. Katika magari ya mwanzo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kukisia kwa sikio mwendo wa injini kabla ya kuingiza gia, la sivyo meno yaligongana kwa kelele na kumeguka. Mwaka 1928 Cadillac ilianza kuuza magari yenye sinkromeshi, yaani mfumo wa pete ndogo zinazosawazisha kasi ya sehemu mbili kabla hazijaumana. Pete hizo aghalabu zilitengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki, ambayo ni laini kuliko chuma cha pua, na ulaini huo ulikusudiwa, kwa kuwa ni heri pete ya bei nafuu ilike kuliko gurudumu la gia lenyewe. Kanuni hii, ya kukifanya kifaa kidogo kiumie kwa niaba ya kikubwa, ndiyo ufunguo wa kuelewa tofauti nyingi kati ya nyenzo za kiwandani na zile za nje.

Sababu ya Likasi kuwa mji wa mafundi ni umbali. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuchimba shaba katika nyanda zilizo mbali mno na bahari. Reli iliyotoka kusini kupitia Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikasonga hadi Kambove mwaka 1913, na njia ya magharibi iliyopitia Angola hadi bandari ya Lobito haikukamilika hadi mwaka 1931. Mashine iliyoharibika Likasi katika miaka ya 1920 ilikuwa na matumaini mawili tu: kipuri kilichosafiri majuma mengi kwa meli na treni, au kipuri kilichotengenezwa hapohapo. Makazi ya Likasi yalianza kukua kuanzia mwaka 1917 karibu na machimbo. Mitambo ya Panda ya kusafisha na kuyeyusha madini ikafuata, kisha mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, kinachotenga shaba kwa tindikali na umeme, na mwaka 1930 umeme wa maporomoko ya Mwadingusha katika mto Lufira. Mwaka 1931 mji ulipewa jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi na kiongozi wa kampuni za fedha kutoka Ubelgiji, na jina hilo lilidumu hadi 1966.

Mitambo ya namna hiyo haiwezi kuishi bila karakana. Karakana kuu zilizowekwa Panda zilikuwa na sehemu ya kusubu, ambamo chuma na aloi za shaba ziliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga, na sehemu ya kukereza, ambamo kipande kilichopoa kilizungushwa mbele ya kisu cha chuma kigumu hadi kikapata kipimo kamili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhudumia pampu, vinu na mitambo ya kuinua mizigo. Lakini fundi aliyejifunza kukereza bushi ya pampu, yaani bomba fupi linalovishwa kwenye mhimili ili msuguano ulile lenyewe badala ya mhimili, hahitaji shule nyingine ili akereze bushi ya wenzo wa lori. Ikumbukwe pia kwamba ujuzi wa metali haukuletwa Katanga na Wabelgiji. Karne nyingi kabla ya Union Minière, wafua shaba wa nchi hiyo waliyeyusha jiwe la kijani la malakiti na kusubu misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama mali na mahari, na machimbo mengi ambayo wahandisi wa kizungu waliyapa namba na majina yalikuwa yameshachimbwa na wenyeji.

Nani alisimama mbele ya mashine ya kukereza ni swali la kisiasa, na jibu lake liliitofautisha Katanga na majirani zake. Katika Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, vyama vya wafanyakazi Wazungu vilifaulu kwa muda mrefu kuwafungia Waafrika milango ya kazi za ufundi. Union Minière, iliyotikiswa na mgomo wa wafanyakazi wake Wazungu mwaka 1920 na kuchoshwa na gharama ya mishahara yao, ilichagua njia nyingine: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifuata sera ya kuwaweka wafanyakazi Waafrika pamoja na familia zao karibu na mitambo kwa miaka mingi, na kuwafunza kuendesha mashine, kukarabati na kusubu. Haikuwa hisani. Mishahara ilibaki midogo, makambi yalitawaliwa kwa mkono wa chuma, na mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville na Elisabethville waligoma wakidai nyongeza, serikali ya kikoloni ikawajibu kwa risasi. Hata hivyo matokeo ya sera hiyo yalidumu kuliko kampuni yenyewe, kwa sababu kufikia miaka ya 1950 Likasi ilikuwa na kizazi cha mafundi Waafrika waliojua kusoma mchoro wa kiufundi, kupima kwa sehemu za milimita, na kumrithisha kijana kazi hiyo.

Magari yaliyofika mikononi mwa mafundi hao yalikuwa na asili nyingi, lakini ya Kimarekani yalikuwa na nafasi yake. Ford ilikuwa na kiwanda cha kuunganishia magari Antwerp, Ubelgiji, tangu mwaka 1922, General Motors nayo ikaanza kazi katika mji huohuo katikati ya muongo huo, na kwa kuwa Antwerp ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya biashara ya Kongo, lori la Chevrolet au Ford lilikuwa kifaa cha kawaida katika koloni. Katika magari madogo na pikapu za kampuni hizo, wenzo wa gia ulihama mahali pake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930: uliondolewa sakafuni ukawekwa kwenye nguzo ya usukani, chini kidogo ya gurudumu analolishika dereva, ili kiti kirefu cha mbele kipate nafasi ya abiria wa tatu. Gia zilikuwa tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Peugeot nao walifuata mtindo huo katika 403 ya mwaka 1955 na 404 ya mwaka 1960, magari mawili yaliyoenea mno barani Afrika, isipokuwa yao yalikuwa na gia nne.

Wenzo wa nguzo ulikuwa nadhifu na mpole kwa mkono, lakini ulikuwa na udhaifu uliojitokeza haraka katika barabara za vumbi. Kati ya mkono wa dereva na giaboksi palikuwa na fito ndefu zilizopita kando ya injini, zenye maungio yaliyovishwa bushi. Vumbi jekundu la Katanga, ambalo kuanzia Mei hadi Oktoba halipati mvua ya kulituliza, liliingia katika maungio hayo, likachanganyika na grisi na kuwa tope la kusagia. Bushi zilipolika, wenzo ungeweza kuzishika gia mbili kwa wakati mmoja na kukwama kabisa, na dereva alilazimika kusimama njiani, kufungua boneti, na kuzirudisha kwa mkono katika nafasi huru zile nyenzo ndogo mbili zilizo chini ya nguzo kabla ya kuendelea na safari. Kwa gari la mjini huu ni usumbufu. Kwa gari lililo kati ya Jadotville na Elisabethville, katika barabara inayotegemea daraja moja la mto Lufira, ulikuwa ni hatari. Umuhimu wa daraja hilo ulidhihirika mbele ya dunia nzima mwezi Septemba 1961, wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa Jadotville na vikosi vya kuwaokoa vikashindwa mara mbili kuvuka hapo.

Wakati Katanga ikiwa katika vita vya kujitenga vya 1960 hadi 1963, Marekani ilikuwa inarudisha wenzo sakafuni kwa sababu tofauti kabisa. Vijana walitaka magari ya umbo la wastani yaliyowekwa injini kubwa za V8, yaani zenye silinda nane zilizopangwa kwa safu mbili zinazokutana chini, na mwaka 1964 Pontiac ikawatolea GTO, yenye injini ya inchi za ujazo 389, sawa na lita 6.4 hivi. Gari hilo huhesabiwa na wengi kuwa chanzo cha kizazi cha magari ya nguvu ambacho kilififia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Giaboksi za magari ya kizazi hicho zilikuwa imara: Borg-Warner T-10 iliyoanza 1957, Muncie ya General Motors iliyoirithi, Toploader ya Ford na A-833 ya Chrysler. Tatizo lilikuwa nje ya sanduku, katika wenzo.

Wenzo wa kiwandani uliotumika katika Chevrolet nyingi, uliotengenezwa na idara ya Inland ya General Motors, ulibuniwa na watu waliokuwa na mambo mengi ya kuridhisha kwa pamoja: gharama iwe ndogo, mtetemo usifike mkononi, kelele isiingie ndani, na mteja wa kawaida asichoke. Sehemu zake zilikuwa za bamba jembamba, maungio yake yaliachiwa uwazi wa kutosha ili yasigome hata kama vipimo vingepishana kidogo, na katika baadhi ya magari ulifungwa kwenye bimu inayoshikilia giaboksi badala ya giaboksi yenyewe. Dereva alipokanyaga mafuta kwa nguvu, injini na giaboksi vilijipinda juu ya mipira yake, bimu ikabaki mahali pake, na fito zikavutwa pembeni wakati uleule dereva alipotaka kubadili gia. Hapo ndipo wenzo wa nje ulipopata soko lake.

George Hurst na mwenzake Bill Campbell, waliokuwa na karakana yao Pennsylvania, waliunda wenzo uliofungwa moja kwa moja kwenye giaboksi, ukiwa na bamba nene, fito ngumu na springi kali zinazourudisha katikati, na wakauongezea bolti za kikomo, yaani bolti mbili zinazoweza kurekebishwa ili kuusimamisha wenzo mara tu gia inapoingia kikamilifu. Kifaa hicho kidogo ndicho kilichokuwa na akili kuliko vyote. Dereva wa mashindano huuvuta wenzo kwa pupa, na nguvu inayozidi, isipopata mahali pa kuishia, hupita katika fito hadi kwenye uma na pete za sinkromeshi, ambazo hupinda na kulika. Bolti ya kikomo huipokea nguvu hiyo ikiwa bado nje ya sanduku. Hasara yake ni kwamba mtetemo wote wa giaboksi ulipanda hadi kiganjani, na kwamba fundi asiyezirekebisha bolti hizo ipasavyo aliweza kuizuia gia isiingie hadi mwisho, nayo ikachomoka yenyewe chini ya mzigo. Huyu Hurst, inafaa kuongeza, ndiye ambaye jina lake limebaki pia katika mkasi mkubwa wa haidroliki unaotumiwa na wazimamoto kukata magari yaliyopondeka ili kuwatoa majeruhi.

Jambo la kuzingatiwa na mwanahistoria ni kasi ambayo mpaka ulifutika. Pontiac iliweka wenzo wa Hurst katika GTO tangu kiwandani mwaka 1964. Chevrolet ikauweka katika Camaro ya mwaka 1969, na Ford katika Mustang za mwaka 1970 zenye gia nne. Kipuri cha nje kikawa kipuri cha kiwandani bila kubadili muundo wake wa msingi. Kisha gurudumu la historia likazunguka upande wa pili: nyenzo za Inland, ambazo wenye magari wa miaka ya 1960 walizing'oa na kuzitupa, sasa hutafutwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wanaotaka gari lililo sawa na siku lilipotoka kiwandani, na watengenezaji wa nje wanaziunda upya kwa kuiga. Kwa hiyo kuuliza kipi ni bora bila kusema ni kwa ajili ya nini hakuna maana. Kwa gari la maonyesho, wenzo wa kiwandani ni kumbukumbu na unastahili kuhifadhiwa. Kwa gari linaloendeshwa kwa nguvu, wenzo wa Hurst ulikuwa na bado ni chombo bora zaidi.

Hukumu hiyo, hata hivyo, haiwezi kuhamishiwa Katanga ilivyo. Wenzo mfupi unaosifiwa na wanamashindano hupunguza umbali ambao mkono husafiri, lakini kwa kanuni ya wenzo yenyewe huongeza nguvu inayohitajika: sehemu ya juu ikipunguzwa nusu, mkono hutumia nguvu maradufu. Dereva wa lori lililojaa magunia ya madini, anayebadili gia mara nyingi katika vilima vya kati ya Likasi na Kambove, anahitaji wenzo mrefu unaoipa sinkromeshi muda wa kufanya kazi yake, na uwazi kidogo katika maungio, ule ambao mwanamashindano angeulaani, humfaa kwa sababu tope na vumbi vikiingia bado fito zitasogea. Wahandisi wa kiwandani waliomfikiria mteja wa kawaida walikuwa, bila kukusudia, wamemfikiria pia mtu wa Likasi. Walichokosa ni kumfikiria kwa muda mrefu vya kutosha, maana bushi zao zilipimwa kwa barabara za lami.

Muda huo ulirefuka sana baada ya uhuru. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha mali za Union Minière, na kampuni mpya ya taifa hatimaye ikaitwa Gécamines. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa sera ya kuyakabidhi maduka, gereji na mashamba ya wageni kwa raia, na wengi waliopewa hawakuwa na mtaji wala mawasiliano ya kuagizia vipuri. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga njia ya reli ya Lobito. Fedha za kigeni zikawa adimu, na kipuri cha kiwandani kikawa kitu cha kuombwa kwa barua na kungojewa. Katika miaka hiyo karakana za Panda, zilizokuwa nyongeza ya ugavi wa Ulaya, zikawa kimbilio. Gécamines ilikuwa bado na nguvu: katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na kampuni ya ukubwa huo iliweza kulipia mafunzo, michoro na vyuma vya kukereza.

Anguko lilikuja kwa haraka ya kutisha. Mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka mwaka 1990, nchi ikaingia katika machafuko, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 50,000. Katika miaka hiyohiyo ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa uchochezi wa kisiasa. Maelfu walilala siku nyingi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Huu ulikuwa kwanza msiba wa watu, na haupaswi kuandikwa kama hasara ya kiuchumi tu. Lakini mwandishi wa historia ya ufundi hawezi kuupita kimya, kwa sababu miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo watumishi wa reli, makarani wa michoro na mafundi waliosomeshwa na kampuni kwa vizazi viwili. Mwaka 2003, chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mkupuo baada ya kukaa miaka bila mishahara ya kawaida. Ujuzi uliokuwa ndani ya kuta za karakana ukatawanyika, ukahamia chini ya miembe na kando ya barabara.

Magari nayo yalikuwa yamebadilika. Mahali pa Chevrolet na Peugeot palichukuliwa na magari ya Japani yaliyokwisha kutumika, yanayopitia bandari kama Dar es Salaam na Durban na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, ambapo dereva anayetoka Zambia huacha upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia. Mengi yana usukani wa kulia, na wamiliki wengine huuhamisha kwenda kushoto. Kazi hiyo huonyesha wazi jinsi wenzo ulivyobuniwa kwa mtu fulani aliyeketi mahali fulani. Wenzo wa sakafuni hubaki katikati, lakini mkunjo wake uliokuwa ukimwelekea dereva wa kulia sasa unamkimbia, na kwa kuwa njia za gia hazigeuki, gia ya kwanza, iliyokuwa upande wa mbali, sasa iko karibu na goti lake. Fundi mwangalifu huupasha moto wenzo na kuukunja upya, au huukata na kuuchomelea kwa pembe mpya, huku akihakikisha kwamba urefu wake haukubadilika. Wenzo wa nguzo, kama ule wa mabasi madogo ya Hiace ya zamani, ni kazi kubwa zaidi, maana mfumo wote wa fito au kebo hauna budi kupangwa upya.

Mfano ulio bora kuliko yote, hata hivyo, ni mdogo sana. Katika giaboksi nyingi za Toyota za Hilux na Land Cruiser, magari yanayoonekana katika kila mgodi wa Katanga, fundi huondoa kwanza mfuniko wa mpira sakafuni, kisha huikandamiza kofia ya chuma iliyo chini yake na kuizungusha kinyume cha saa, na wenzo wote huchomoka mkononi mwake. Kwenye ncha ya chini, iliyochongwa mviringo, imevishwa bushi ya plastiki isiyozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Gari jipya likiwa nayo, wenzo husimama imara. Baada ya miaka ya mtetemo plastiki hupasuka na kumomonyoka, chuma hukutana na chuma, wenzo huanza kucheza kama usio na mwenyewe, na dereva anayetafuta gia ya tatu hupapasa bila kuipata. Kasoro hiyo imewafanya wengi waamini kwamba giaboksi imekufa, wakashusha sanduku zima kwa gharama kubwa, ilhali ugonjwa ulikuwa katika kipande cha bei ndogo mno.

Kipande hicho kinaweza kurejeshwa kwa namna tatu, na kila moja ina hoja yake. Bushi mpya ya kiwandani hunyonya mtetemo na huliacha tundu la chuma likiwa salama, lakini italika tena. Bushi ya aloi ya shaba, ambayo watengenezaji wa nje huiuza na ambayo fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza anaweza kuitoa kwa asubuhi moja, hudumu zaidi na huupa wenzo ukakamavu, mradi aloi yake iwe laini kuliko tundu inamokaa. Ikiwa ngumu kupita kiasi, itaila sehemu iliyopaswa kuilinda, na hasara ya kifaa cha senti itahamia kwenye kifaa cha mamia ya dola. Namna ya tatu, ya kuzungushia kipande cha mpira wa tairi, ni ya kumfikisha mtu nyumbani tu, kwa sababu mpira huo huvimba na kuoza unapokutana na mafuta ya giaboksi. Fundi aliyefunzwa katika desturi ya Panda angeuliza kwanza ugumu wa metali mbili zinazosuguana kabla ya kuuliza bei, na swali hilo moja lina thamani kuliko jina lolote la kampuni, hasa sasa ambapo maduka ya vipuri yamejaa bidhaa zenye maboksi ya kiwandani na vitu vya kuiga ndani yake.

Maarifa haya hayajaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo yamefundishwa kwa mdomo katika karakana za Katanga kwa takriban miaka mia moja. Waliojifunza kazi kabla ya mwaka 1990 sasa ni wazee, na michoro ya zamani huliwa na mchwa na unyevu kila masika. Vyuo vya ufundi vya Likasi na Lubumbashi, pamoja na idara za historia za vyuo vikuu vya mkoa huo, havina budi kukaa na wazee hao wakiwa bado na nguvu ya kushika kipimo, na kuandika majina ya vifaa, vipimo vya aloi, na sababu za kila uamuzi wao.